Shule Ikifungwa, Nani Atamshika Mtoto Mkono?



Wapendwa familia ya Mungu, Dominika iliyopita baada ya Komunyo niliwasomea tangazo kwamba shule yetu ya msingi ya parokia itafungwa mwisho wa muhula huu. Nililisoma katikati ya matangazo ya ndoa na zamu za usafi wa kanisa. Dakika mbili zilitosha. Nikatoa baraka, tukaimba, tukatawanyika. Nje ya mlango mama mmoja akaniuliza: "Padre, muhula ujao mwanangu aende wapi?" Sikuwa na jibu. Tafakari ya juma hili ni jibu langu lililochelewa.

Tangu siku ile nimesikia maneno ambayo siwezi kuyanyamazia. Wa kwanza wanasema: shule za serikali zipo, ada ilifutwa, watoto waende huko, habari iishe. Mimi siidharau shule ya serikali. Wengi wetu ndiyo iliyotulea. Lakini kufutwa kwa ada hakukufuta gharama. Sare ni mpya, madaftari yanahitajika, nauli ipo, na chakula cha mchana kina mchango wake. Zaidi ya hayo, watoto wetu wamefundishwa kwa Kiingereza. Huko waendako masomo ni kwa Kiswahili. Msidhani ni jambo dogo kwa kuwa nyumbani wanasema Kiswahili. Mtoto wa darasa la tano aliyezoea kukokotoa hesabu kwa Kiingereza, siku akiulizwa kigawe kidogo cha shirika ataduwaa, ataonekana mjinga, na kumbe somo analijua. Na wa darasa la saba je, ambaye mtihani wa taifa uko mbele yake?

Wa pili wanasema: wazazi ndio walioiua shule kwa kutolipa ada. Wapo waliokuwa na uwezo wakakwepa, na dhamiri zao zinawajua. Lakini mtoto hadaiwi. Tena wapo waliolipa ada ya mwaka mzima kwa kuuza mazao au ng'ombe. Hao ndio wanaotudai sisi. Vilevile walimu wetu, ambao nao ni wazazi, wana haki ya mishahara na stahili zao. Tusijifiche nyuma ya neno "huruma" pale tunapodaiwa haki.

Wa tatu, na hawa wananiumiza zaidi, wanasema parokia imekwisha kutimiza sehemu yake. Nimesikia hata mipango ya kuyageuza madarasa kuwa ukumbi wa sherehe. Vikao viwili vimekwisha kujadili majengo. Kujadili watoto, hata kimoja! Ndugu zangu, katika mfano wa Msamaria Mwema, waliopita kando walikuwa watu wa hekalu, kuhani akiwa wa kwanza. Msamaria hakuishia kufunga majeraha. Alimfikisha yule mtu kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Huo ndio upendo wa kikristo: una fedha ndani yake, na una ahadi ya kurudi.

Mafundisho ya Kanisa hayatuachii mwanya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la mwaka 1965, unawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza, na unalitaka Kanisa liwajali kwa namna ya pekee walio maskini. Kanuni ya 794 ya Sheria za Kanisa inatudai sisi wachungaji kupanga mambo ili waamini wote wapate malezi ya kikatoliki. Haisemi "waamini wenye shule". Wazee wetu walilielewa hilo. Shule za misheni zilipotaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, majengo yalikwenda, lakini makatekista waliendelea kuwafuata watoto na kuwafundisha dini. Walijua kwamba utume wetu ni mtoto, si bati na matofali.

Basi, nasema wazi ninachokidai, nikianza na nafsi yangu. Ofisi ya parokia haitakabidhi funguo za shule kabla ya kila mtoto kukamilishiwa uhamisho wake katika mfumo wa PREM, na kila mzazi kujua mwanawe anapokelewa wapi. Ada iliyolipwa zaidi irudishwe, na madai ya walimu yalipwe, kabla hatujanunua kiti kimoja cha ukumbi. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iorodheshe watoto wake walioguswa, na mzazi asiende peke yake kuomba nafasi, asindikizwe. WAWATA nawaomba msimamie sare. Walimu wastaafu, tupeni Jumamosi zenu kuwafundisha watoto hawa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Madarasa yapo, hayajawa ukumbi bado. Na katekisimu iwafuate huko waendako.

Wapo watakaoudhika na maneno haya. Niwieni radhi kwa ukali, lakini si kwa ukweli. Siku ya kuweka jiwe la msingi mahali hapa tulipiga vigelegele. Siku ya kufunga, tusiingie mitini.

Tumwombe Bikira Maria, aliyemtafuta Mwanawe siku tatu kwa uchungu, akamkuta hekaluni ameketi kati ya walimu, atuombee tusipumzike hadi kila mtoto wetu naye aketi kati ya walimu wake.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu.