Kinga ya umeme Kisangani: moteri inaweza kuvumilia, lakini batri na barabara?

Mutu wa Kisangani hahitaji kufundishwa kinga ni nini. Wakati wa vita, kuanzia mwaka 1998, mafuta yalikatika na mashua za Kinshasa zikaacha kupanda. Muji ukatembea kwa miguu na kwa kinga. Hapo ndipo vijana walifunga kiti chenye sponji nyuma ya kinga, wakaanza kubeba abiria, na watu wakawaita toleka, neno la Lingala, maana yake "tupite". Toleka ililisha familia nyingi na ilisomesha watoto wengi. Kisha amani ikarudi kidogo, pikipiki zikaingia kwa wingi, na wale wa kinga wakasukumwa pembeni, sababu miguu ya mutu haiwezi kushindana na mashini.

Leo maneno ya kinga yanarudi kwa njia nyingine. Kila mara barabara ya Taifa namba 4 inapoharibika na malori ya mafuta yanakwama kwenye matope, ao mashua inachelewa mtoni, bei ya litre inapanda na motari anaongeza bei ya kurse. Watu wanaona kwenye simu pikipiki na kinga za umeme za Kigali, Kampala na Nairobi, na wanauliza: sisi je? Kuna kijana anayefikiri kuuza shamba la baba yake ili anunue moja. Kwake si mchezo. Tuangalie basi jambo hili polepole.

Majirani wamefika wapi

Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kazi ya pikipiki za umeme mwaka 2019. Mbinu yao ni nyepesi kuelewa: motari hanunui batri. Ananunua pikipiki, batri inabaki ya kampuni, na ikiisha anapita kwenye kituo, anaacha ile tupu, anachukua iliyojaa, analipa, anaenda. Hapotezi saa tatu kungojea. Kisha serikali ya Rwanda ikatangaza kwamba kuanzia mwezi wa kwanza 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria mjini Kigali zitaandikishwa za umeme peke yake. Nairobi na Kampala pia kampuni kama Spiro zimeingia na mbinu hiyo hiyo ya kubadilisha batri.

Mfano ulio karibu zaidi na toleka uko Jinja, Uganda, ambako shirika la FABIO limefanya kazi na kinga za umeme zilizoundwa kubeba mizigo, ziendeshwe hata na watu wa vijijini. Ile haiko pikipiki. Ni kinga yenye pedali, na moteri inasaidia miguu.

Lakini tusikopi bila kufikiri. Vituo vya kubadilisha batri vinaomba umeme usiokatika, na kampuni inayokaa. Siku kampuni inafunga mlango, motari asiye na batri yake anabaki na chuma tu.

Moteri: kitu gani kinakufa kwanza

Wengi wanaogopa moteri. Kusema kweli, moteri ndiyo haileti shida nyingi. Moteri ya kisasa haina makaa ya kusuguana ndani. Ni sumaku, nyaya za shaba na beringi. Haina pistoni, haina oili, haina karbureta.

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza inakaa ndani ya gurudumu. Ya pili inakaa katikati, pale pedali zinapozungukia, na inavuta cheni. Ile ya katikati inapanda kilima vizuri, lakini inakula cheni na meno haraka, na vipande vyake ni vya kampuni moja moja: kikivunjika, utakitafuta wapi? Ile ya gurudumu nayo iko mbili: ndogo, nyepesi, yenye giya za nailoni ndani, na kubwa, nzito, isiyo na giya yoyote. Giya za nailoni zinalika ukibeba watu na magunia kila siku. Kwa kazi ya toleka, ile nzito isiyo na giya, iliyowekwa gurudumu la nyuma, ndiyo inavumilia zaidi.

Usiweke moteri mbele kwenye foki ya zamani iliyochoka. Moteri ikivuta, ekseli inataka kuzunguka na kupasua pale inaposhikwa. Foki ikipasuka katika mwendo, dereva anaruka na kichwa. Hata nyuma, funga kile kipande cha chuma kinachozuia ekseli isizunguke. Fundi wa kusuda anaweza kukitengeneza.

Tupige hesabu ya nguvu. Dereva na abiria wanafika kilo 150, kinga na batri kilo 25. Kupanda mteremko mdogo, wa metre 5 kwa kila metre 100, kwa mwendo wa kilometre 15 kwa saa, kunaomba karibu wati 460. Moteri mingi ya kinga za Ulaya ni ya wati 250, sababu sheria yao inasimamia hapo, na inabeba mutu mmoja. Ukiilazimisha kazi ya toleka, ile nguvu inayokosa kuzungusha gurudumu inageuka joto, nyaya zinaungua. Bahati yetu ni kwamba Kisangani ni tambarare. Basi anza kwa pedali, acha moteri ikusaidie, na ukisikia imekuwa moto sana kwa mkono, pumzisha.

Vinavyokufa mbele ya moteri ni vidogo: plagi zenye kutu, waya uliokatika pale unapoingia kwenye ekseli, na kile kisanduku kinachoitwa kontrola, kinachogawa umeme. Ukiona gurudumu limekuwa gumu kuzungusha kwa mkono, kama limeshikwa na breki, chomoa waya tatu kubwa za moteri, uziache zisigusane. Likizunguka vizuri, moteri ni nzima, kontrola ndiyo imeungua. Kutambua hilo kunaweza kukuokoa feza ya kununua moteri mpya bure. Na vijana wetu wanaotengeneza simu na redio kando ya soko wanaweza kujifunza kubadilisha vile vipande vidogo kwa kulehemu. Kazi hiyo haihitaji kwenda Kampala.

Adui mkubwa kwetu ni maji. Hapa mvua inanyesha karibu miezi yote. Mvua ya kawaida haisumbui moteri iliyofungwa vizuri, lakini kuingiza gurudumu ndani ya dimbwi mpaka ekseli, ao kuosha kinga mtoni kama tunavyozoea, hiyo ni kuitafutia kifo. Waya ushuke chini kwanza kabla ya kuingia kwenye kontrola, ili tone la maji lianguke lisifuate waya ndani.

Batri na SNEL

Batri ndiyo ya bei kali. Batri ndogo ya kawaida, volti 36 na amperi-saa 10, inabeba wati-saa 360. Ukiwa peke yako na unasukuma pedali, inakufikisha kilometre 35 ao zaidi. Ukibeba abiria bila kusukuma, hesabu kilometre 18 hivi. Maana yake, toka katikati ya muji mpaka kiwanja cha ndege cha Bangboka, kilometre 17, na kurudi ni kwa miguu. Anayekuuzia akisema "kilometre 60", muulize: na uzito gani?

Batri za risasi, kama za gari, ni nzito na zinakufa haraka ukizimaliza kabisa kila siku. Kwa litiamu, kuna aina inayotumia chuma na fosfati. Ni nzito kidogo kuliko zingine, lakini inavumilia joto na inaweza kujazwa mara elfu mbili na zaidi. Haina kobalti hata gramu moja. Nchi yetu inatoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia, lakini batri inayomfaa zaidi toleka wa Kisangani haihitaji kobalti ya Kolwezi. Wanaofikiri kwamba kobalti peke yake itatutajirisha milele waangalie jambo hilo.

Sasa umeme. Kituo cha maporomoko ya Tshopo kilijengwa miaka ya 1950. Kina mashini tatu, na zote pamoja hazifiki megawati 20. Mara mingi zinazofanya kazi ni moja ao mbili tu, na kartie nyingi zinakaa gizani. Watu wanasema: umeme wa taa hatuna, wa kinga utatoka wapi? Hapa hesabu inashangaza. Kujaza batri moja kama ile kunaomba nusu ya kilowati-saa tu. Kinga 1,000 zikijazwa usiku mmoja kwa saa nane, zinavuta karibu kilowati 63. Hiyo ni chini ya asilimia 1 ya mashini moja ya Tshopo. Kwa hiyo shida ya kinga haiko wingi wa umeme. Shida ni kwamba unakuja na kwenda bila kuaga, na unaporudi unarudi na nguvu inayounguza chaja. Ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, ngojea dakika kumi kabla ya kuchomeka tena.

Ndiyo maana jua linaingia katika hesabu. Paneli ya wati 200 yenye saa nne za jua zuri inaweza kujaza batri moja, na mara ingine karibu mbili. Siku za mawingu, na hapa ni nyingi, itakuwa chini ya hapo. Toleka kumi wakijikusanya kama likelemba, wakinunua paneli pamoja, hawamngojei mutu.

Na kitu kimoja tuseme wazi: usijaze batri chumbani mnapolala. Batri ya litiamu iliyoanguka, iliyoingia maji, ao iliyofunguliwa na fundi asiyejua, inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kwa ndoo moja. Ijaze juu ya simenti, mbali na godoro na bidoni ya mafuta, mutu akiwa macho.

Katikati ya pikipiki na magari

Toleka wa miguu anaenda kilometre 10 ao 12 kwa saa. Wa umeme anaenda 25. Wengine wanafurahia hapo, lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Breki nazo ni zile zile: fimbo za chuma na vipande vya mpira vinavyoteleza mvua ikinyesha. Kabla ya kuongeza moteri, ongeza breki. Breki ya diski mbele, na mikono ya breki inayokata umeme mara tu unapoishika, bila hiyo moteri inaendelea kusukuma huku wewe unazuia.

Hatari ya pili ni ukimya. Mama mwenye beseni kichwani, mtoto anayetoka shuleni, wanavuka wakisikiliza pikipiki. Kinga ya umeme hawaisikii. Kengele haiko pambo.

Hatari ya tatu ni macho ya wengine. Dereva wa gari akiona kinga, anafikiri inakuja polepole kama zamani, anakata mbele yako. Na huku mashariki magari mengi yana usukani wa kulia, wakati sisi tunaendesha kuume. Dereva huyo akitaka kupita lori, haoni anayekuja mbele mpaka ametoa nusu ya gari. Anayekuja mbele anaweza kuwa wewe. Kaa kuume, lakini si ndani ya mfereji. Weka taa mbele na nyuma hata mchana, sababu batri unayo tayari.

Abiria anayekaa upande, miguu yote upande mmoja, alikuwa salama kidogo kwa mwendo wa miguu. Kwa kilometre 25, shimo moja linamtupa. Akae akiangalia mbele, na kiti kiwe na pa kushika na pa kukanyaga.

Nani anapaswa kufanya nini

Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Wakati huo hakuna aliyefikiri kinga yenye moteri ya umeme. Je, ni kinga ao ni pikipiki? Inaomba namba? Asiransi? Pasipo jibu, polisi wa rulaji atajibu mwenyewe barabarani, na sote tunajua jibu hilo linaishia wapi. Meya na gavana wanaweza kuandika mpaka ulio wazi: mpaka mwendo fulani na nguvu fulani, ni kinga, ikizidi, ni pikipiki, na ifuate sheria za pikipiki. Ulaya waliweka wati 250 na kilometre 25 kwa saa. Sisi tunabeba watu, basi wati zetu zitakuwa zaidi, lakini mwendo tunaweza kuuacha hapo hapo.

Chama cha toleka nacho kina kazi: kuomba muuzaji alete vipande vya akiba, kontrola, chaja na plagi, pamoja na kinga yenyewe, na kufundisha fundi wawili watatu kwa kila komini, toka Makiso mpaka Lubunga.

Na wewe unayetaka kuuza shamba: usiuze kwanza. Toleka watano wachange kinga moja, waiendeshe miezi sita, kiangazi na mvua. Kila jioni waandike kwenye daftari: kilometre ngapi, feza ngapi iliingia, kitu gani kilivunjika, kilitengenezwa kwa bei gani. Baada ya hapo ndipo mtajua kama inawalisha ao inawala.