Eti Ndege Haitui kwa Kitabu

Eti ndege haitui kwa kitabu! Anayesema hivyo aje Kanombe. Uwanja wa Kigali uko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi. Rubani aliyezoea Mombasa akija na Cessna ndogo, kipimo cha kasi kikisoma noti 65 kama kule kwao, ardhini anakwenda 70 au zaidi, hata pasipo upepo. Macho yanamwambia: bwana, uko mbio mno! Akiyasikiliza atainua pua apunguze kasi, na bawa litaacha kubeba akiwa bado juu. Watu wamekufa hivyo. Aliyesoma anajua mapema: amini kipimo, siyo macho. Wolfgang Langewiesche aliyaeleza mambo ya bawa na pembe yake mwaka 1944, na marubani wa ndege ndogo bado wanamsoma.

Mazoezi siyakatai, hakuna anayetua kwa kusoma tu. Lakini saa moja angani ni pesa ambayo sisi hatuna, na mwalimu hawezi kukurudishia zile sekunde kumi za mwisho uzifikirie. Ukurasa unarudiwa mara ishirini, hata kwa mwanga wa simu.

Sasa, ndugu zetu wa mashirika: tukiomba vitabu vya namna hii tunaambiwa havina kazi kwetu, tuchukue cherehani. Cherehani ni nzuri, mama zetu wanaishi nazo. Ila nani kawaambia kwamba mtoto wa Mahama au Kiziba, akitazama ndege ikipita, anawaza kiti cha abiria tu?