Mwanafunzi Amefika, Kazi Yake Iko Wapi?

Kila mwaka, vyuo vikuu vya Tanzania vinapoingia likizo ndefu, wanafunzi hupiga hodi maofisini, viwandani, hospitalini na kwenye halmashauri, barua ya chuo mkononi. Wanaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Wenyewe husema wanakwenda fildi. Wengi watakaa wiki nane. Wapo watakaorudi darasani wakiijua kazi, na wapo watakaorudi na kitabu cha kumbukumbu kilichojaa sahihi basi. Kwa maoni yangu, kinachowatenganisha zaidi ni kama mwajiri aliwaandalia kazi kabla hawajafika.

Kukaribisha tunajua. Barua inagongwa muhuri, kijana anapitishwa idara kwa idara, watu wanampa mkono, anaonyeshwa kiti. Kisha kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayehusika naye. Siku ya tatu anatumwa kutoa nakala, ya nne kununua chapati. Wiki ya pili ameshazoea kukaa na simu yake, na mkuu wa idara akipita anamwona mvivu. Uvivu huo tumemfundisha sisi.

Kazi ya kumpa ipo. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha la ofisi, akatafuta tofauti ilikotoka. Kwenye ujenzi mfano ni mzuri zaidi. Zege linapomwagwa, hujazwa pia kwenye vikasha vya chuma ili kupata vipande vya mchemraba, ambavyo hukaa majini na kupondwa maabara, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28, kujua kama nguvu iliyotakiwa imefikiwa. Mpe mwanafunzi vipande hivyo viwe vyake. Avijaze, aviandike tarehe, avipeleke maabara, alete majibu kwenye kikao cha mradi na aulizwe maswali pale mbele ya watu. Wiki nane ni siku 56. Majibu ya mwisho yatamkuta bado yupo. Kijana huyo ataondoka akiwa ameibeba kazi moja toka mwanzo hadi mwisho, na mkandarasi atakuwa amepata kumbukumbu anazozihitaji kweli.

Kazi hiyo inataka msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina, aliyepunguziwa majukumu kidogo ili apate nusu saa ya kukaa na mwanafunzi kila Ijumaa. Ile desturi ya kusaini kitabu cha wiki nane kwa mkupuo siku ya kuagana iachwe. Inamnyima mwanafunzi nafasi ya kusahihishwa wakati bado anaweza kujirekebisha, na inamdanganya mhadhiri anayekuja kumkagua.

Nauli na chakula navyo ni vya kufikiriwa. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika. Anayetoka Mbagala kwenda kiwandani Tegeta hupanda daladala zaidi ya moja, kwenda na kurudi. Kampuni inayowapikia wafanyakazi wake haitafilisika kwa kuongeza sahani mbili. Najua jibu la baadhi ya waajiri: tayari tunalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Ni kweli, na si fedha ndogo, ingawa mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Lakini tozo hailipi muda wa fundi wako kumwonyesha kijana mashine inavyofunguliwa. Huo unao wewe peke yako.

Usalama usisubiri. Asiye na kofia ngumu na viatu vya kazi asipande jukwaa la ujenzi, hata kama ni mgeni wa wiki moja.

Lipo jambo jingine ambalo waajiri hupenda kulipita kimya. Alama za mwanafunzi zimo mikononi mwa msimamizi, na wasichana wengi wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwanafunzi aambiwe waziwazi, siku anayopokelewa, ni nani mwingine zaidi ya msimamizi wake anayeweza kumweleza shida. Ofisi inayoona haya kulisema hili haijawa tayari kupokea mwanafunzi yeyote.

Mwajiri unayesoma toleo hili, kabla hujagonga muhuri kwenye barua inayofuata, andika pembeni jina la msimamizi na kazi ambayo mwanafunzi ataanza nayo Jumatatu. Kama huna vyote viwili, mwambie mapema, apate muda wa kutafuta kwingine.