Dharura Isiwe Kisingizio

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo katika karne ya 19 waliiheshimu mvua. Kwa kawaida waliondoka baada ya mavuno, wakarejea kabla ya masika kuzigeuza mbuga kuwa matope.

Barabara za leo haziwezi kungoja kiangazi. Mgonjwa atokaye Sikonge kwenda Hospitali ya Kitete hachagui majira; wala mbolea ya mkulima wa Urambo haiwezi kufika baada ya msimu.

Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilikata barabara na reli katika sehemu nyingi za nchi. Tangu hapo TANROADS iliundwa mwaka 2000, na TARURA mwaka 2017. Vyombo vipo, kinachotakiwa ni utaratibu.

Dhoruba isiyotazamiwa ni dharura. Lakini mvua inyeshayo Tabora kila mwaka, kati ya Novemba na Aprili, si ajali, na kalvati lililoziba tangu kiangazi ni uzembe.

Barabara inapokatika, hapana budi kifusi kimwagwe upesi ili magari yapite. Hata hivyo kazi haijaisha. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukitumiwa kuziba shimo, mvua ifuatayo huuchukua pamoja na fedha za umma. Yafaa changarawe irundikwe mapema karibu na mabonde, mitaro izibuliwe kabla ya Novemba, na palipokatika tuta liinuliwe na makalvati yaongezwe.

Ofisa anayeripoti ufa mwezi Septemba huliokoa taifa gharama ya daraja mwezi Machi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.