Jaji Neomi Rao, kura 53 za Washington na kobalti ya Kolwezi

Tarehe 13 Machi 2019, Seneti ya Marekani ilimpitisha Neomi Rao kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho mjini Washington, kwa kura 53 dhidi ya 46. Huku kwetu, nani aliifuatilia habari hiyo? Lakini miaka mitano baadaye ni yeye aliyeandika uamuzi uliozima madai ya Wakongo dhidi ya Apple, Google, Microsoft, Dell na Tesla.

Rao alizaliwa mwaka 1973 mjini Detroit, na wazazi wake ni madaktari kutoka India. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Chicago, akawa msaidizi wa jaji Clarence Thomas katika Mahakama ya Juu, akafanya kazi Ikulu enzi za George W. Bush, kisha akawa profesa wa sheria. Mwaka 2017 Donald Trump alimkabidhi ofisi inayochunguza kanuni za wizara kabla hazijatangazwa, na kazi kubwa ikawa kuzipunguza.

Hakuwahi kuwa jaji popote. Kwetu hakimu kwa kawaida hupanda ngazi kuanzia mahakama ya amani. Kule rais anaweza kumtoa mtu serikalini na kumkalisha moja kwa moja kwenye rufaa, Seneti ikikubali.

Trump alimteua Novemba 2018 kuchukua kiti alichoacha Brett Kavanaugh. Shida ilitokana na makala alizoandika akiwa mwanafunzi kuhusu ubakaji na ulevi. Hata baadhi ya maseneta wa Republican walisita, akaandika barua ya kujutia maneno yake. Mwishowe hakuna Mdemokrati hata mmoja aliyempigia kura ya ndiyo.

Kesi ya kobalti ilifunguliwa Desemba 2019, kwa ajili ya watoto waliolemaa au kufa wakichimba kobalti nchini Kongo. Mahakama ya kwanza iliitupa mwaka 2021. Tarehe 5 Machi 2024, majaji watatu wa rufaa nao wakaikataa.

Hawakusema kwamba watoto hawakuumia. Walikubali hata kuwa walalamikaji wana haki ya kufika mahakamani kudai fidia, jambo ambalo mahakama ya kwanza ilikuwa imewanyima. Kilichowaangusha ni neno moja. Sheria ya Marekani dhidi ya biashara ya binadamu humbana anayeshiriki katika "ushirika" unaomtumikisha mtu kwa nguvu. Rao aliandika kwamba kununua kobalti kupitia mlolongo mrefu wa wauzaji hakuifanyi kampuni kuwa mshirika wa anayemtuma mtoto shimoni.

Ni rahisi kusema huu ni mkono wa Trump. Sioni hivyo, kwa sababu majaji wote watatu walikubaliana. Lakini ukitazama njia aliyopita Rao, hukushangazwa na usomaji finyu wa neno hilo: ni mtu aliyejijenga kwa kuzibana kanuni zisizidi maandishi ya sheria. Pengo lenyewe limo ndani ya sheria, na kulipanua neno hilo ni kazi ya Bunge la Marekani.

Wakati huohuo, familia inayotaka kujaribu tena Washington itakuta uamuzi huo unazifunga mahakama za chini za hapo. Na Rao bado yupo, kwa sababu kiti chake ni cha maisha.