Mwanamke si Msitu

Wapo wasemao kwamba mwanamke na ardhi ni ndugu wa tumbo moja: wote huzaa, wote hulea, na wote huonewa na mkono ule ule. Jina la fikra hiyo, ufeministi wa mazingira, lilibuniwa na Mfaransa Françoise d'Eaubonne mwaka 1974, na Vandana Shiva wa India akaieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1988. Nusu ya hoja haina ubishi: afyekaye msitu kwa pupa na amnyimaye mkewe shamba mara nyingi ni mtu mmoja. Sumu imo katika nusu ya pili, ile idaiyo kuwa mwanamke huyalinda mazingira kwa umbile lake.

Na ipelekwe Bagara, mjini Babati, ikapimwe huko. Mwanamke arudiye na mzigo wa kuni kichwani hana mapatano ya siri na mti. Amejitwika kwa kuwa chungu hakichemki bila moto, na mgawanyo wa kazi za nyumbani umemwangukia yeye. Akijua mti upi huwaka bila moshi mwingi, amefunzwa na kazi, si na tumbo la uzazi. Mumewe naye angebeba mzigo huo miaka ishirini, angejua vilevile. Ndiyo hoja ya mchumi Bina Agarwal ya mwaka 1992: uhusiano huo huzaliwa na kazi, mali na tabaka.

Katika wilaya hiyo hiyo kuna Duru-Haitemba, msitu wa miombo wa hekta zipatazo 9,000. Serikali ilipotaka kuufanya hifadhi yake, wanavijiji walikataa, na katikati ya miaka ya 1990 vijiji vyenyewe vikakabidhiwa usimamizi, vikaweka sheria ndogo na walinzi. Kilichoulinda msitu ni mamlaka ya wenyeji. Basi swali la haki si kama mwanamke anaupenda mti, bali kama ana kauli mkutanoni wakati mti unapoamuliwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi, na katika baraza la ardhi la watu saba inataka wanawake watatu. Lakini kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka mjane nje ya mirathi, hata mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikaamua kuwa Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili. Wajane hao walidai mali. Hawakudai kuitwa mama wa dunia.

Watamtaja Wangari Maathai. Naam, alianzisha vuguvugu la kupanda miti mwaka 1977. Lakini mwaka 1989 aliikabili serikali ya Kenya juu ya jengo lililokusudiwa kusimama Uhuru Park. Hiyo ni siasa, si silika ya uzazi.

Nao washairi wa pwani wasijione wamepona. Wamemwita mwanamke ua, shamba, bahari. Ua halidai, shamba halirithi, hurithiwa. Wakulima wa mwani wa Unguja, wengi wao wanawake, waliona zao likioza maji yalipopata joto, na bei ikipangwa na wanunuzi. Hakuna sifa ya bahari iliyowaongezea senti.

Amsifuye mwanamke kwa ajili ya msitu na atangulize hati ya shamba na kiti barazani. Sifa zije baadaye.