Mshahara wa mtoa dawa

Mwaka 2003 mkoa wetu wa Ruvuma ndio uliotangulia nchini kufungua maduka ya dawa muhimu, ili mwananchi wa kijijini auziwe dawa na mtu aliyefundishwa. Mshahara wa mtu huyo, hata hivyo, uliachwa mikononi mwa mwenye duka.

Anayetoa dawa katika kituo cha Serikali hapa Madaba ana ngazi yake ya mshahara, likizo na pensheni. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha Serikali ni shilingi 500,000. Mwenzake wa dukani anayo amri ya mshahara ya sekta binafsi. Zaidi ya hapo ni mapatano, nayo yakiwa ya mdomo hayana shahidi.

Hatudai walipwe sawa, maana duka dogo si hazina ya Serikali, na wa hospitali naye ana zamu zake za usiku. Tunachokipinga ni ujira unaopimwa kwa mauzo. Anayelipwa hivyo atapata wapi ujasiri wa kumwambia mama kwamba mafua ya mwanawe hayahitaji antibiotiki? Tunawataka wenye maduka waandike mikataba, na maafisa kazi waikague, kama Baraza la Famasi linavyokagua rafu za dawa.